Kabla ya Fahali, Jogoo

Kondakta wa matatu alimtoza jogoo nauli. Jogoo mwenyewe hakuwa na kiti. Alikuwa ndani ya kiondo miguuni pa mzee mmoja, kichwa kimetoka nje, jicho moja likinikagua mimi na la pili likiuangalia mlango. Kondakta alishikilia kwamba mzigo ni mzigo, na unaowika unalipa zaidi. Mzee akalipa, akinung'unika kidogo kwa ajili ya heshima yake tu. Alikuwa anampeleka huyo jogoo kwa bintiye aliyeolewa upande wa Tawa, akabadilishwe na jogoo wa kule.

"Hawa wangu wamezaliana wenyewe kwa wenyewe," alinieleza. "Vifaranga wanatoka wadogo, tena wanakufa ovyo. Lazima damu nyingine iingie."

Hata Machakos hatujaiacha nyuma vizuri, na tayari mzee alikuwa amenifundisha nusu ya nililokuwa nalifuata. Nilitaka kuona mbegu za mifugo zinavyosafiri Ukambani. Mbegu ya fahali hufika kijijini imegandishwa, ndani ya mtungi uliofungwa nyuma ya pikipiki, na aliyeitoa huenda alikufa miaka kumi iliyopita. Mbegu ya jogoo huja na jogoo mzima, pamoja na miguu yake, kelele zake na viroboto wake. Kwa nini?

Barabara ya Mbooni inapanda kwa ukaidi. Milima hii Wakamba huihesabu kuwa miongoni mwa makao yao ya kwanza, kabla hawajatawanyika kwenda Kitui na kwingineko, na mtu akiitazama ilivyolimwa ataamini kwamba imekaliwa kwa muda mrefu. Kila mteremko umekatwa matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, mvua ikija maji yanakaa. Kikima kulikuwa na baridi ya kutosha kumfanya mtu wa Mombasa kama mimi ajutie shati la mikono mifupi. Kisha gari likaanza kuteremka, hewa ikapata moto, miembe ikaongezeka, mbaazi na ndengu zikachukua mashamba, na kwa mbali mashariki ardhi ikalala chini kuelekea Mto Athi, ambao ng'ambo yake ni Kitui. Tawa yenyewe ni mji wa soko: maduka, hospitali, bodaboda chini ya mti, na agroveti zenye mabango ya dawa za kupe.

Kwenye mojawapo ya agroveti hizo ndipo nilipokutana na daktari. Namwita daktari kwa sababu kila mtu Tawa anamwita hivyo, ingawa yeye mwenyewe huwa anajisahihisha: kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mirija. Ni kijana mwenye buti za mpira na mtungi wa alumini ambao hamruhusu mtu mwingine kuubeba. Aliufungua nione. Mvuke mweupe ukamwagika mdomoni mwa mtungi ukashuka sakafuni. Akavuta kishikio, akaniinulia kichane cha mirija myembamba ya rangi rangi, akaishikilia chini ya shingo ya mtungi, akairudisha haraka.

"Ukiipandisha juu ukaanza kuhadithia, umeiua," alisema.

Ndani mle ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuna Friesian, kuna Sahiwal kwa wale wasiokuwa na majani ya kutosha. Akifika bomani huuzamisha mrija mmoja katika maji ya vuguvugu kwa nusu dakika, kisha humwingizia ng'ombe. Nyuma ya mrija huo ipo historia ndefu. Kituo cha mbegu cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, wakati ambapo magonjwa yaliyoenezwa na mafahali yalikuwa yanawaangamizia walowezi ndama tumboni. Leo kinaitwa Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Wanyama, na mkulima wa Tawa mwenye ng'ombe mmoja anaweza kupata mbegu ya fahali ambaye hangeweza kumnunua hata kama angeuza shamba.

"Na ya jogoo unayo?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka mwenye duka akaja kuuliza kuna nini.

Kinachofanya kicheko hicho kiwe na utamu wake ni kwamba jogoo ndiye aliyetangulia. Mwaka 1949, katika taasisi ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London, watafiti watatu, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, walikuwa wanahangaika kugandisha mbegu za jogoo zisife. Walijaribu sukari ya matunda, haikufua dafu. Wakaziweka chupa zao kwenye baridi, wakashughulika na mengine. Miezi baadaye wakarudi kwenye chupa zilezile, na safari hii mbegu zilipoyeyushwa zikaanza kuogelea. Wakatengeneza sukari mpya, ikashindwa. Chupa ile ya ajabu ilipopimwa ikaonekana haikuwa na sukari kabisa. Ilikuwa na gliseroli na ute wa yai. Lebo zilikuwa zimebadilishana. Wenyewe waliisimulia habari hiyo baadaye bila haya, na ndivyo gliseroli ilivyoingia katika kazi ya kugandisha chembe hai duniani kote.

Mwaka 1951 Polge aliripoti kuku waliotaga mayai yenye vifaranga kutokana na mbegu zilizogandishwa. Mafahali nao walikuja miaka hiyohiyo, na binadamu mwaka 1953. Kwa maneno mengine, mtungi wa daktari wa Tawa ni mtoto wa jogoo. Nilimweleza hayo tukiwa juu ya pikipiki yake, mimi nyuma, mtungi katikati yetu ukinigonga magoti. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema chuoni hawakumfundisha hilo, ila walimfundisha kukamua jogoo, na kama nataka kuona atanionyesha kwa mama mmoja ambaye hana wasiwasi na mambo mapya.

Mama huyo tulimkuta anapepeta mbaazi. Daktari alikuwa amenionya njiani nisimwite "mama" kama wa dukani, niseme "Mwaitu". Nikasema. Akafurahi, akanijibu kwa Kikamba kirefu nisichokijua, kisha akahurumia uso wangu akarudi kwenye Kiswahili: "Karibu, mwanangu. Mtu wa Mombasa ametafuta nini huku kwa kuku?"

Kuku wake ni wale ambao mtu hawezi kuwapanga kwa rangi: weusi, wa madoadoa, mmoja wa manyoya yaliyojikunja kwenda juu, na jogoo mwekundu mwenye shingo tupu, wa aina ambayo Tanzania humwita kishingo. Wengi humdharau jogoo wa namna hiyo kwa sura. Lakini jeni ile inayomvua shingo humpunguzia manyoya ya mwili mzima, kati ya asilimia 20 na 40 kutegemea ameirithi kwa mzazi mmoja au wote wawili, na kwenye joto la Tawa hiyo ni nafuu kubwa. Mwaitu hakuhitaji kuambiwa. Alisema jua likiwa kali wengine wote hukaa chini ya ghala wametanua midomo, huyo anaendelea kuchakura.

Daktari aliketi kwenye kigoda, akamlaza jogoo mmoja pajani, kifua kikielekea nyuma na mkia mbele. Njia hii ilielezwa na Burrows na Quinn, Wamarekani wawili wa kituo cha kilimo cha Beltsville, katika miaka ya 1930, na tangu hapo haijapata mshindani. Akasafisha tundu la nyuma kwa pamba. Kisha akaupitisha mkono wa kushoto mgongoni, kutoka mabawani mpaka mkiani, kwa uthabiti, mara kadhaa, huku mkono wa kulia ukisugua chini ya tumbo. Mkia ukainuka wenyewe. Hapo ndipo pa kufanya haraka: kidole gumba na cha shahada vikabana pande mbili za tundu, uchi mdogo ukachomoza, mwekundu, na kutoka hapo...

Jogoo wa kwanza alitoa kinyesi. Daktari akajifuta kwenye buti. Ndege asiyezoeshwa, alisema, hutaka siku kadhaa za kupapaswa kabla hajakubali. Akamshika kishingo. Huyu alipinga kwa mayowe, halafu ghafla akatulia, na kwenye kikombe kidogo cha kioo likaanguka tone jeupe, zito kama tui la kwanza. Mwaitu akasogea. Tukainamia kikombe watu watatu. Lilikuwa kama sehemu moja ya tano ya mililita, na kwa hesabu inayojulikana ya shahawa za kuku, yaani bilioni tatu hadi saba kwa mililita, mle mlikuwa na mbegu zinazokaribia bilioni moja. Kuku mmoja hutosheka na milioni mia moja au mia mbili.

"Haya," daktari akasema, "igandishe sasa. Anza."

Alijua nitakwama, na ni kweli kazi haianziki uani. Mbegu ya ndege ni ndefu na nyembamba mno, na ndani yake karibu hakuna nafasi: kichwa kimejaa jeni, mkia umejaa injini. Utando wake ni mkubwa kwa kiasi hicho cha mwili, na barafu ikijiunda huupasua kirahisi. Gliseroli huulinda vizuri kuliko karibu kitu kingine chochote, ila ina kisirani chake: ndani ya kuku jike inazuia mimba. Mbegu iliyogandishwa nayo ikiyeyushwa lazima ioshwe hatua kwa hatua, kwenye baridi, mpaka gliseroli ibaki kidogo sana, ndipo kuku apandishwe nayo. Maabara nyingine zimeamua kutumia kemikali isiyohitaji kuoshwa, dimethilasetamidi, na kudondosha matone moja kwa moja ndani ya nitrojeni yageuke vidonge. Hata hivyo matokeo hutofautiana kutoka ukoo mmoja wa kuku hadi mwingine, na kutoka jogoo hadi jogoo. Anayekupa mayai mengi yenye mbegu akiwa mzima hana hakika ya kukupa mengi akitoka kwenye mtungi.

Kinachonishangaza zaidi ni kuku jike mwenyewe. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, joto ambalo kikombe cha daktari kikiachwa nalo, mbegu zote zitakuwa zimekwisha ndani ya muda mfupi. Lakini ndani yake, mahali uke unapokutana na mfuko wa ganda, kuna vijirija vidogo ambamo mbegu hukaa hai kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu, zikitoka chache chache kila yai linapopita. Maabara inahitaji nyuzi 196 chini ya sifuri kufanya kinachofanana na hicho.

Nilimweleza Mwaitu hilo, nikiongeza kwamba ukimtoa jogoo leo ukaleta mwingine, vifaranga wa mwanzo huenda bado ni wa yule aliyeondoka. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ni maji. "Sisi tukileta jogoo mpya, mayai ya mwanzo tunakula. Ya kuatamiwa tunaanza baadaye."

Tone lile halikupotea. Daktari alilivuta kwa bomba lisilo na sindano, akamwomba Mwaitu amshike tetea mweusi. Alibonyeza tumbo upande wa kushoto, kwa kuwa kuku hukuza njia moja tu ya mayai, ile ya kushoto, ikachomoza, akaingiza ncha kiasi cha sentimita mbili au tatu, akalegeza mkono huku akisukuma dawa, kama alivyoiita. Ilikuwa alasiri, saa ambayo karibu kuku wote wameshataga. Yai likiwa njiani linaziba. Dakika moja hivi, na tetea akaenda zake akijikung'uta kwa hasira.

Kwa hiyo upandishaji wenyewe si muujiza. Mashamba ya batamzinga ya Ulaya na Marekani hayaendi bila huo, kwa kuwa madume wao wamefugwa vifua vipana hadi hawawezi tena kumpanda jike. Lakini hata huko mbegu hutumika mbichi, ndani ya saa chache. Kugandisha ni kwa kazi nyingine kabisa: benki. Wamarekani wana benki yao Fort Collins, Colorado. Ufaransa ilianzisha ya kitaifa mwaka 1999. Uholanzi wanayo Wageningen. Mle wamehifadhi mbegu za majogoo wa koo ambazo huenda kesho hazitakuwepo.

Nitasema wazi ninavyoona. Mtu akija Tawa na mtungi wa mbegu za jogoo kuwauzia wafugaji, afukuzwe kwa upole. Nitrojeni huvukiza mchana na usiku, iwe umeuza au hujauza. Mrija mmoja wa fahali ukishika unazaa ndama wa kulipia karo. Mrija wa jogoo ungezaa vifaranga wachache ambao jogoo wa jirani angewazaa kwa punje za mahindi. Tena anayewamaliza kuku wa Mwaitu ni kideri. Ugonjwa huo ukipita bomani asubuhi unaokota mizoga kwa ndoo, na chanjo yake inatengenezwa hapa hapa Kenya. Agroveti niliyoanzia huiuza kwa chupa ya dozi nyingi, jambo linalomlazimu mwenye kuku kumi atafute majirani wachangiane. Wakichelewa, inaharibika. Ningekuwa na shilingi ya kutumia Tawa, ningeiweka kwenye friji ya chanjo.

Lakini benki ni habari nyingine, na hapo siko pamoja na wanaocheka. Kati ya 1976 na 1993 Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa ileile ya mzee wa matatu: leta jogoo wako wa kienyeji, chukua wa kigeni. Mpango ulikwisha, mtindo haukwisha. Leo kuna Kuroiler kutoka India, Sasso wa Ufaransa, kuku wa kienyeji walioboreshwa wa KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, na kila mradi unaokuja unaleta makreti yake. Siwalaumu wanaowachukua, wanakua haraka na mayai ni mengi. Mwaitu naye aliwahi kupewa majogoo na mradi mmoja. Vifaranga waliotoka walikuwa wakubwa, matetea wakataga sana.

"Lakini hawakukaa," alisema.

Hawakuatamia, alimaanisha. Tetea anataga, anaondoka, anasahau. Kwa mwenye kiangulio cha umeme hilo ni faida. Kwa Mwaitu, ambaye kiangulio chake ni tetea mwenyewe, ukoo uliishia pale. Akawala mmoja mmoja, akarudi kwa dada yake milimani kuomba jogoo wa zamani. Bahati yake ni kwamba dada alikuwa naye bado. Kwetu pwani najua wafugaji wa kuchi, wale kuku warefu wa kupigana, wanaotunza nasaba ya jogoo kwa kichwa kama watu wanavyotunza nasaba za masharifu, na hata wao wanalalamika kwamba damu safi inazidi kuwa adimu.

Nikamweleza kwamba mbegu ya kishingo wake ingeweza kuwekwa Nairobi kwa miaka hamsini, na akipotea, ukoo urudishwe. Alisikiliza huku anaendelea kupepeta. Kisha akauliza swali ambalo nimewahi kuona wataalamu wakilizungukia kwa kurasa nzima:

"Na jike lake mtaliweka wapi?"

Hapo ndipo penye tatizo la ndege. Kwa binadamu na ng'ombe, baba ndiye mwenye alama ya kuamua mwana wa kiume au wa kike. Kwa kuku ni jike. Yeye ana kromosomu Z na W. Jogoo ana Z mbili. Hivyo ndani ya shahawa ya jogoo, hata uigandishe kwa ufundi gani, W haimo. Yai nalo haligandishiki, kwa ukubwa wa kiini chake. Ukiwa na mtungi pekee utampandisha jike wa ukoo mwingine, upate nusu; watoto wa kike uwapandishe tena, upate robo tatu; baada ya vizazi vitano au sita umekaribia kabisa, ila W na zile chembe za nishati zinazorithiwa kwa mama tu zitabaki za yule jike mgeni daima.

Dawa ya hilo inafanyiwa kazi Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, kwa ushirikiano na Taasisi ya Roslin ya Scotland. Huchukuliwa yai lililoatamiwa kwa siku mbili na nusu hivi, wakati kiinitete bado ni alama nyekundu na mishipa michache. Katika damu yake wakati huo zinazunguka chembe zitakazokuja kuwa mbegu au mayai. Zinatolewa, zinakuzwa maabara, zinagandishwa, za kike kwa za kiume. Baadaye huingizwa katika kiinitete cha kuku mwingine aliyefanywa asiwe na chembe zake za uzazi, naye akikua anazaa watoto wasio wake. Watafiti wa Roslin walichapisha mwaka 2019 jinsi matetea walezi wa namna hiyo walivyotaga mayai ya koo nyingine adimu. Jike na dume, wote ndani ya mtungi.

Mwaitu aliomba nirudie sehemu ya yai. Nikarudia.

"Kwa hiyo hawataki jogoo. Wanataka mayai."

"Mayai yenye mbegu, ndiyo."

"Na wakishapata, wale vifaranga watakaotoka huko mbele ni wa nani?"

Nikamwambia kuhusu Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2014 na ambayo Kenya ni mwanachama wake, inayotaka mwenye mali ya asili ya aina hii akubali kwanza na agawiwe faida. Daktari alikuwa ameshaanza kufunga mtungi wake. Kulikuwa na ng'ombe anayemsubiri ng'ambo ya kijito na saa zilikuwa zinapita. Mwaitu akamaliza ungo wake, akaeleza kwa ufasaha kwamba sheria ya karatasi ni nzuri, ila watu wa Nairobi wakija wakumbuke jambo moja: mayai ya kuatamiwa hauzi kwa bei ya mayai ya kula, na ya kishingo yana bei yake mbali. Akanitajia. Daktari akapiga mluzi, akasema kwa bei hiyo afadhali wakamchukue fahali.